Vipengele vya mabadiliko: wastani umepanda, nani kaupandisha?

*"Shikamoo, mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili na tasnifu yangu inahusu vipengele vya mabadiliko. Nimesoma fani mbalimbali: wanademografia wanagawa mabadiliko ya idadi ya watu katika uzazi, vifo na uhamaji, wanabiolojia wana mutesheni, uteuzi asilia na bahati nasibu, wachumi wana mtaji, nguvukazi na teknolojia, wanasaikolojia wana hatua tano za mtu kubadili tabia. Nikaona zinafanana sana. Nimechora jedwali na kutunga modeli moja yenye vipengele saba, ambayo naamini inaeleza mabadiliko ya kitu chochote. Nataka kuijaribu kwa data nilizopewa za mradi wa kuwafundisha watoto kusoma: wastani wa alama ulikuwa 50 mwaka wa kwanza, ukafika 56 mwaka wa pili. Nataka kuonyesha kila kipengele kimechangia asilimia ngapi. Msimamizi wangu amenirudishia andiko mara mbili. Mara ya kwanza aliandika 'pana mno', mara ya pili 'kipengele si kisababishi', basi. Naona haya kumuuliza zaidi. Je, wazo langu ni bovu? Nibadili mada, au kuna namna ya kuliokoa?"*

Marahaba. Nianze na linalokukera: wazo lako si bovu, na kufanana ulikokuona kupo kweli. Wapo walioshakuona kabla yako wakakuandika kwa hesabu, nitakutajia. Kilichokwama ni kitu kimoja, na msimamizi wako amekibana katika maneno matatu bila kukufungulia. Kugawa mabadiliko katika vipengele ni hesabu. Kueleza kwa nini yametokea ni kazi nyingine kabisa. Hesabu inawezekana karibu kila mara. Sababu hupatikana kwa jasho, na hesabu hata ukiirudia katika fani kumi haigeuki kuwa sababu.

Tuanze na wanademografia, maana wao ndio wenye mambo yaliyonyooka kuliko wote uliowataja. Idadi ya watu ya leo ni ile ya mwaka jana, jumlisha waliozaliwa, toa waliokufa, jumlisha walioingia, toa waliotoka. Hakuna mlango mwingine. Mlinganyo huo hauwezi kukosea; namba zisipolingana, aliyekosea ni aliyehesabu. Sasa uulize kwa nini wanawake wa nchi fulani wanazaa watoto wachache kuliko mama zao. Mlinganyo uko kimya. Hauna habari na shule, dawa za uzazi wa mpango, ndoa za kuchelewa wala gharama za kulea. Umekuonyesha mlango ambao mabadiliko yamepitia. Aliyeyasukuma mlangoni humwoni.

Kabla sijaenda mbali, liangalie jedwali lako kwa jicho hilo. Uzazi na vifo ni milango ya kuingilia na kutokea. Uteuzi asilia ni utaratibu unaofanya kazi ndani ya kundi. Mtaji na nguvukazi ni vitu vinavyotiwa katika uzalishaji. Hatua tano za kubadili tabia ni mpangilio wa wakati: mtu hajafikiria, anafikiria, anajiandaa, anatenda, anadumisha. Hivi ni vitu vya aina nne, umeviweka safu moja kwa sababu vitabu vyote vinaviita vipengele. Nadhani hapo ndipo neno "pana mno" lilipotokea. Upana peke yake si kosa. Tatizo ni kwamba safu zako hazijumlishiki. Huwezi kusema asilimia 20 imetokana na vifo na asilimia 30 imetokana na "kujiandaa".

Sasa data zako. Wewe huna idadi ya watu, una wastani, na wastani una hila. Unaweza kupanda bila mtoto hata mmoja kusoma vizuri kuliko jana. Inatosha wenye alama za juu wawe wengi zaidi kwenye orodha ya waliopimwa, au wenye alama za chini watoweke. Mwaka 1955 Evelyn Kitagawa, mwanademografia wa Chuo Kikuu cha Chicago, alichapisha makala kuhusu vipengele vya tofauti kati ya viwango viwili. Swali lake lilikuwa hili: makundi mawili yakitofautiana, tuseme katika kiwango cha vifo, ni kiasi gani cha tofauti kinatokana na watu wa umri uleule kufa kwa kasi tofauti, na kiasi gani kinatokana na kundi moja kuwa na wazee wengi? Swali hilo lina uzito. Japani ina vifo vingi kwa kila watu 1,000 kuliko nchi nyingi maskini zilizojaa vijana, ilhali Wajapani ni miongoni mwa watu wanaoishi miaka mingi zaidi duniani.

Tuchukue namba zako mbili, 50 na 56, nami nikisie kilichomo ndani kwa ajili ya mfano tu. Tuseme shule za mradi ni za aina mbili, zenye vitabu vya kutosha na zisizo navyo. Mwaka wa kwanza asilimia 40 ya watoto waliopimwa wako kwenye shule zenye vitabu, wastani wao 65. Asilimia 60 wako kwenye zisizo na vitabu, wastani wao 40. Zidisha, jumlisha: 26 na 24, unapata 50. Mwaka wa pili shule kadhaa zisizo na vitabu zimejitoa mradini na mgawanyo umegeuka, 60 kwa 40. Wenye vitabu sasa wana wastani wa 66, wasio navyo 41. Zidisha tena: 39.6 na 16.4, unapata 56. Namba zako zimetimia. Lakini kila kundi limepanda alama 1 tu. Alama 5 zilizobaki zimeletwa na kubadilika kwa orodha. Ukiandika kwamba mradi umepandisha alama 6, utakuwa umeusifu mradi kwa ajili ya shule zilizoukimbia.

Katika mfano huo nimechagua namba zinazotoka vizuri. Data halisi hazina huruma hiyo. Chukulia wenye vitabu wamefika 68 badala ya 66. Wastani wa jumla unakuwa 57.2, umepanda 7.2. Kwa alama za mwaka wa kwanza, kubadilika kwa orodha kunaleta 5. Kwa orodha ya mwaka wa kwanza, kupanda ndani ya makundi kunaleta 1.8. Jumla 6.8. Ile 0.4 imekwenda wapi? Fikiria shamba la mstatili lililorefushwa na kupanuliwa kwa pamoja. Kipande cha kwenye kona kipya kabisa hakikuletwa na urefu peke yake wala upana peke yake. Bila kimojawapo kisingekuwepo. Kitagawa alikigawa kipande hicho nusu kwa nusu, kwa hiyo orodha ingepata 5.2 na kupanda halisi 2.0. Ni busara, lakini ni uamuzi wa mchambuzi, data hazikumlazimisha. Ronald Oaxaca na Alan Blinder, waliochapisha kazi zao mwaka 1973 kuhusu tofauti za mishahara, walikutana na uamuzi wa aina hiyohiyo, na wachumi wanaugombania hadi leo. Kwa hiyo ukiandika "asilimia 72 imetokana na orodha", mstari unaofuata useme umeigawaje kona.

Kuna hila moja zaidi ambayo huwapata hata waliokomaa. Makundi yenyewe yanaweza kuhama mipaka. Mwaka 1985 Alvan Feinstein na wenzake walieleza jambo hili kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu. Vipimo vipya vya picha viliweza kuona vinundu vidogo vya saratani vilivyokwisha kusambaa, ambavyo zamani havikuonekana. Wagonjwa wenye vinundu hivyo wakahamishwa kutoka daraja la nafuu kwenda daraja baya. Daraja la nafuu likabaki na wazima zaidi, muda wao wa kuishi ukapanda. Daraja baya likapokea watu wasio mahututi kama wale liliokuwa nao, na lenyewe likapanda. Kila daraja limeboreka na hakuna mgonjwa aliyeishi siku moja zaidi kwa sababu hiyo. Kwako, uliza kama maana ya "shule yenye vitabu" ilikuwa ileile miaka yote miwili.

Sasa nirudi kwenye kufanana ulikokuona, maana hapa ndipo una jambo. George Price alikuwa Mmarekani aliyesomea kemia, akahamia London mwaka 1967 na kuanza kujifundisha biolojia ya mageuko. Mwaka 1970 alichapisha katika jarida la *Nature* mlinganyo ambao leo unabeba jina lake. Kwa maneno ya kawaida unasema hivi: wastani wa sifa ukibadilika kutoka kizazi hadi kizazi, mabadiliko hayo yana sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inakuja kwa sababu wenye sifa fulani wanaacha watoto wengi kuliko wenzao. Ya pili inakuja kwa sababu watoto hawafanani sawasawa na wazazi wao. Liweke hilo kando ya mfano wa shule: nani yumo kwenye orodha, na waliomo wamebadilikaje. Ni mifupa ileile. Price mwenyewe alitambua kwamba hesabu yake haijali kama unachohesabu ni jeni au kitu kingine chochote kinachoweza kuchaguliwa. Makampuni, maneno ya lugha, nyimbo za ndege, vyote vinaingia.

Mfano mzuri kuliko yote ninayoijua ni wa kondoo. Katika kisiwa cha Hirta, visiwa vya St Kilda, Uskoti, kuna kondoo wa Soay wanaoishi bila mchungaji. Tangu mwaka 1985 watafiti wamekuwa wakiwapima mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka. Kondoo wakubwa huvuka majira ya baridi kwa urahisi zaidi na huacha watoto zaidi, hivyo kila aliyesoma uteuzi asilia angetabiri kwamba wataendelea kuwa wakubwa. Wakawa wadogo. Katika robo karne hivi miili yao ilipungua kwa takriban asilimia 5. Mwaka 2009 Arpat Ozgul, Tim Coulson na wenzao walichukua mlinganyo wa Price, wakaupanua ili ubebe umri, wakagawa mabadiliko hayo kipande kwa kipande. Sehemu ya uteuzi ilikuwepo na ilikuwa inavuta juu, lakini kidogo. Iliyoshinda ni ile nyingine: wanakondoo walikuwa wanakua polepole kuliko zamani, na mama wenye umri mdogo walikuwa wanazaa watoto wadogo kuliko wao wenyewe walivyokuwa walipozaliwa. Jumla ikawa kushuka.

Ona faida na mpaka wa kazi hiyo. Faida: iliondoa fumbo la kwa nini kondoo wanakwenda kinyume na uteuzi, ikaelekeza macho mahali pa kutafuta. Mpaka: hesabu ilisema ukuaji umepungua, haikusema umepunguzwa na nini. Kusema kwamba majira ya baridi yamekuwa mafupi na mapole, hivyo hata wanakondoo wanaokua polepole siku hizi wanapona, kulihitaji ujuzi wa hali ya hewa, wa malisho na wa msongamano wa kondoo kisiwani. Ujuzi huo hautoki ndani ya mlinganyo na hauhamishiki kwenda shuleni kwako. Mifupa inahama kutoka fani hadi fani. Sababu hazihami. Hilo ndilo ningekuandikia pembeni mwa andiko kama ningekuwa msimamizi wako, ingawa kwa maneno zaidi ya matatu.

Wachumi wana somo lao hapa, na wanastahili sifa kwa kulikiri. Mwaka 1957 Robert Solow alichambua uchumi wa Marekani kutoka mwaka 1909 hadi 1949. Uzalishaji kwa saa moja ya kazi ulikuwa umepanda maradufu. Akaondoa mchango wa kuongezeka kwa mtaji, na kilichobaki kilikuwa sehemu saba kwa nane za mabadiliko yote. Masalia hayo yakaitwa maendeleo ya teknolojia. Lakini mwaka mmoja kabla yake Moses Abramovitz, aliyekuwa amepata masalia makubwa kama hayo, alisema wazi kwamba ni aina ya kipimo cha ujinga wetu. Yeye ndiye aliyekuwa na lugha sahihi. "Teknolojia" katika safu yako ya uchumi imepatikana kwa kutoa, haikupimwa. Ukiwa na modeli ya vipengele saba, cha saba huwa hicho, halafu msomaji anakisoma kama kitu kilichoonekana kwa macho.

Na asilimia? Zina mtego wake hata pale sababu zinapojulikana vizuri. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, katika ripoti ya mwaka 2021 lilikadiria kwamba binadamu amepandisha joto la dunia kwa takriban nyuzi 1.07 za Selsiasi kati ya kipindi cha 1850 hadi 1900 na kile cha 2010 hadi 2019. Gesi joto peke yake zimepandisha kati ya 1.0 na 2.0. Chembechembe za moshi na uchafu mwingine angani zimepoza kwa kati ya 0.0 na 0.8. Kwa hiyo mchango wa gesi joto huenda ni asilimia 140 hivi ya joto lililoonekana. Si kosa la hesabu. Vipengele vinavyovutana kinyume havigawanyiki kama vipande vya kitu kizima. Kondoo wa Hirta ni vilevile. Andika michango kwa alama, yenye jumlisha na toa, uachane na asilimia.

Sasa sababu hupatikanaje? Kwa kugusa kitu na kuangalia. Neil Jacobson na wenzake, mwaka 1996, walichukua tiba ya mazungumzo ya sonona inayojulikana sana na kuivunja. Wagonjwa wengine walipata sehemu ya kuamsha shughuli tu, yaani kusaidiwa kurudi kufanya mambo waliyoyaacha. Wengine wakaongezewa kushughulikia fikra zinazojitokeza zenyewe. Wengine wakapata tiba nzima, pamoja na kuchimba imani za ndani. Mwisho wa matibabu, na miezi sita baadaye, tiba nzima haikuonekana kuzidi kipande kile kimoja. Nadharia iliyokuwa imeijenga tiba hiyo ilitarajia kinyume chake. Hakuna mgawanyo wa hesabu ungeweza kuonyesha hilo bila mtu kuondoa sehemu makusudi.

Na nikukazie hili kwa bakteria, kwa sababu ni jaribio ninalolipenda mno. Februari 1988 Richard Lenski alianzisha chupa 12 za bakteria wa *E. coli* kutoka mzazi mmoja, na kila baada ya vizazi 500 sampuli zinagandishwa. Baada ya vizazi zaidi ya 31,000 chupa moja ikaanza kula sitreti penye oksijeni, kitu ambacho *E. coli* kwa kawaida hawakiwezi. Je, ilikuwa bahati moja adimu ambayo ingeweza kutokea siku yoyote, au njia ilikuwa imetengenezwa polepole kabla? Zachary Blount na Lenski na mwenzao waliwafufua mababu waliogandishwa wa chupa ile kutoka nyakati mbalimbali na kuwaacha waishi upya. Matokeo yalitoka mwaka 2008: uwezo ule ulijirudia kwa waliotoka baada ya kizazi cha 20,000 hivi, lakini si kwa wale wa zamani zaidi. Historia ilikuwa na kazi yake. Wewe huna friza ya kuwarudisha watoto wa mwaka wa kwanza, na ndiyo maana wanaofanya utafiti wa mashuleni hung'ang'ania kundi la kulinganisha.

Kuhusu zile hatua tano: zilitokana na kazi ya James Prochaska na Carlo DiClemente, makala yao mashuhuri ya mwaka 1983 ikihusu watu waliojaribu kuacha sigara wenyewe. Zinasaidia kuzungumza na mgonjwa. Lakini mipaka kati ya hatua na hatua imepingwa kwa muda mrefu kwamba imechorwa kwa kukadiria tu, na watu huruka hatua. Zitoe kwenye jedwali.

Mbali na orodha, yapo mambo mawili kwenye data zako ambayo yangenikosesha usingizi. La kwanza ni namna shule zilivyochaguliwa. Kama mradi ulizichagua kwa sababu zilifanya vibaya mwaka wa kwanza, basi alama zingepanda kidogo hata mradi usingefanya chochote. Francis Galton aliliona jambo hili mwaka 1886 alipolinganisha urefu wa watoto 928 waliokwisha kuwa watu wazima na wa wazazi wao: wazazi warefu sana walizaa watoto warefu, ila kwa kawaida si warefu kama wao, na wafupi sana vivyo hivyo kwa upande wao. Alama ya mtihani ina uwezo wa mtoto ndani yake na ina siku mbaya ndani yake. Ukichagua walioanguka, umechagua siku mbaya nyingi, na siku mbaya hazijirudii kwa watu walewale.

La pili ni kipimo chenyewe. Kilo moja ya barafu yenye nyuzi 0 hunyonya kilojuli 334 mpaka iyeyuke yote, joto ambalo lingetosha kuyapandisha maji yale kwa nyuzi 80 hivi, na muda wote huo kipimajoto hakisogei. Mtoto aliyeanza bila kujua herufi hata moja, akamaliza mwaka anazijua zote, anaweza kupata sifuri mara zote mbili kwenye mtihani wa ufahamu. Chunguza ni watoto wangapi wako sifuri. Kama ni wengi, wastani wako umeficha mabadiliko makubwa kuliko yale uliyoyaonyesha.

Basi ufanyeje? Kubadili mada kabisa sikushauri. Umeshasoma mengi na swali lina uhai. Kuendelea na modeli ya kila kitu nako sikushauri, na nikuambie kwa nini waziwazi. Ikiwa ni mlinganyo usiokosea, Price ameshauandika na hautakuwa wako. Ikiwa ni dai kuhusu sababu, huna data wala miaka ya kulithibitisha katika fani nne. Unaweza kuandika tasnifu ya kifalsafa kuhusu maana ya kugawa mabadiliko, na ingekuwa kazi nzuri, ila utahitaji msimamizi wa fani hiyo na mitihani itakuwa ya aina nyingine.

Njia ninayoipendelea ni nyembamba. Swali lako liwe: kati ya alama 6, ngapi zinatokana na waliomo kwenye orodha na ngapi zinatokana na watoto kusoma vizuri zaidi, na jibu linabadilika kiasi gani ukibadili namna ya kugawa? Sura moja ya nadharia iweke Kitagawa na Price bega kwa bega na kuonyesha mifupa inayofanana. Hapo ndipo usomaji wako wote utapata pa kukaa. Halafu sura ya uchambuzi. Kisha, kwa uaminifu, sehemu inayosema ni sababu zipi data haziwezi kuzitenganisha. Gharama ya njia hii ni kwamba huenda ukagundua mradi haukufanya mengi. Jiandae kwa hilo kabla hujaanza, na waliokupa data nao waambiwe mapema.

Tahadhari moja ya haraka. Ukishawishika kutenganisha mchango wa umri wa mtoto, wa mwaka wa mtihani na wa mwaka aliozaliwa, jua kwamba umri ni mwaka wa mtihani ukitoa mwaka wa kuzaliwa. Ukijua viwili umejua cha tatu. Hakuna programu ya takwimu inayoweza kutenganisha mwelekeo wa vyote vitatu bila wewe kuiongezea dhana kutoka nje, na programu nyingi zitaiweka dhana hiyo kimyakimya.

Zaidi ya hapa maandishi hayatoshi, unahitaji kukaa na watu. Kwanza msimamizi wako. Haya uliyonayo naielewa, lakini maneno matatu pembeni mara nyingi ni dalili ya mtu mwenye rundo la kazi mezani, wala si ya mtu aliyekukatia tamaa. Omba nusu saa, nenda na ukurasa mmoja: swali jipya, ule mfano wa shule wenye namba zako halisi, na sentensi moja inayosema unachoelewa kwa "kipengele si kisababishi". Akikubali au akikusahihisha, umeshafunguliwa. Ukiomba mara kadhaa na usipate nafasi, mwone mratibu wa shahada za uzamili katika idara yako. Ni haki yako na hakuna uchongezi ndani yake.

Pili, mtakwimu, na umwone kabla ya kuchambua. Mwone haraka zaidi kama shule au watoto zaidi ya wachache wamepotea kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, kama mtihani wa mwaka wa pili haukuwa uleule, au kama huwezi kumlinganisha mtoto mmoja na yeye mwenyewe. Mpelekee data ghafi za mtoto mmoja mmoja, majina yakiwa yameondolewa na kuwekwa namba, pamoja na kibali cha maadili cha kutumia data za watoto. Kama ulipewa wastani wa shule tu, rudi kwa waliokupa uombe za chini yake. Bila hizo mgawanyo utaishia kwenye ngazi ya shule, na hilo nalo liandikwe kwenye kichwa cha tasnifu.